Nimród: Mzinga Uliopewa Kazi Mbili

Leo tunakwenda Hungaria, nchi isiyo na bahari katikati ya Ulaya, tukalitazame gari moja la vita ambalo nina hakika wengi wenu hamjawahi kulisikia. Linaitwa 40M Nimród. Hiyo 40M ndivyo Wahungaria walivyokuwa wakiziandika silaha zao, maana yake ni silaha ya mwaka 1940. Yaliundwa magari 135 tu, na katika Vita vya Pili vya Dunia, vilivyomeza vifaru kwa makumi ya maelfu, 135 si kitu. Hata hivyo nimelichagua. Gari hili liliagizwa lifanye kazi mbili, kutungua ndege na kutoboa vifaru. Kwenye vifaru liliaibika. Kwenye ndege lilikuwa mbele ya majeshi makubwa kwa miaka karibu miwili.

Najua kuna msikilizaji aliyekwisha kunijibu kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nakuomba uvute subira. Walioliagiza walikuwa na akili timamu na walipiga hesabu zao vizuri. Kilichowaponza ni kalenda, na hilo ndilo ninalotaka tulifuate jioni hii.

Twende nyuma kidogo, hadi mwaka 1920. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Hungaria ilikuwa upande ulioshindwa, na kwa mkataba wa Trianon ikanyang'anywa takriban theluthi mbili za ardhi yake. Jeshi lake likawekewa ukomo wa watu 35,000. Vifaru marufuku, ndege za kivita marufuku. Nchi iliyofungwa mikono namna hiyo haiachi kuwaza silaha, inajifunza kuziwaza kwa siri na kwa bei nafuu. Katikati ya miaka ya 1930 Wahungaria walinunua Italia vile vijifaru vya Ansaldo, vya watu wawili, visivyo hata na mnara wa kuzungusha silaha, kama 150 hivi. Vilikuwa bora kuliko kutokuwa na kitu, basi.

Mwezi Machi mwaka 1938 pazia likaondolewa. Waziri Mkuu Kálmán Darányi akatangaza katika mji wa Győr mpango wa pengő bilioni moja, sehemu kubwa ikiwa ya kulivisha na kulipa silaha jeshi. Agosti mwaka huohuo majirani waliokuwa wakiwabana, yaani Chekoslovakia, Yugoslavia na Romania, wakakubali huko Bled kwamba Hungaria ina haki ya kujenga jeshi tena. Fedha zimepatikana na ruhusa imepatikana. Kilichokosekana ni uzoefu, kwa sababu hakuna fundi wa Budapest aliyewahi kuunda kifaru kwa wingi kiwandani. Ikabidi watafute mahali pa kununua michoro.

Mahali penyewe palikuwa Uswidi, na hapa pana kisa cha pembeni ambacho siwezi kukiruka. Katika mji wa Landskrona kulikuwa na kiwanda kinachoitwa Landsverk, kilichokuwa kikitengeneza mitambo na mabehewa. Wajerumani nao walikuwa wamekatazwa vifaru na mkataba wa Versailles, na kampuni kubwa ya Kijerumani ya Gutehoffnungshütte ikawa na hisa nyingi pale Landsverk. Wahandisi wa Kijerumani wakaenda kuchora vifaru vyao kwenye ardhi isiyofungwa na mkataba wowote. Kwa hiyo kilichokuwa kikiuzwa Landskrona kilikuwa, kwa sehemu kubwa, elimu ya Kijerumani iliyovaa koti la Kiswidi, na mnunuzi wake, Hungaria, alikuwa mshindwa mwenzake wa vita ileile.

Kifaru chao chepesi, L-60, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza duniani kutumia springi za nondo, zile fimbo za chuma zinazojipinda chini ya gari na kulilegeza kwenye makorongo. Hadi leo vifaru vingi hutembea kwa mtindo huo. Mwaka 1938 Wahungaria walikishindanisha na vifaru vya nyumbani, kimojawapo kikiwa cha mhandisi Nicholas Straussler, kikashinda. Wakanunua leseni na kukipa jina la shujaa wao wa hadithi, Toldi.

Kwa mchoro huohuo Landsverk walikuwa wametengeneza ndugu yake. Walirefusha kiwiliwili, wakaongeza gurudumu moja kila upande ili yawe matano badala ya manne, na juu yake wakaweka mnara ulio wazi wenye mzinga wa kutungulia ndege. Walikiita L-62 Anti. Jeshi la Uswidi lenyewe halikuvutiwa. Wahungaria walivutiwa, na ukiuangalia mzinga utaelewa kwa nini.

Mzinga ulikuwa Bofors wa milimita 40. Bofors ni kiwanda cha mji wa Karlskoga, kile ambacho Alfred Nobel, huyuhuyu wa tuzo, alikuwa mmiliki wake miaka ya mwisho ya uhai wake. Jeshi la majini la Uswidi liliwapa kazi ya mzinga huo mwaka 1928, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 ukawa bidhaa inayogombaniwa. Ulikuwa ukifyatua makombora kama 120 kwa dakika, kila kombora likiwa na uzito wa karibu kilo moja na kutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Katika Vita vya Pili Waingereza waliutumia, Wamarekani waliuunda kwa maelfu, Wajerumani walifyatua waliyoiteka. Hungaria ilikuwa kati ya wateja wa mwanzo na ilikuwa ikiuunda yenyewe kwa leseni, kwa hiyo mzinga, risasi zake na mafundi wake walikuwepo tayari.

Sasa chukua kalamu uwe ofisa manunuzi wa Budapest mwaka 1938. Una vijifaru vya Ansaldo na umechagua Toldi zenye bunduki ya milimita 20. Mbele yako kuna mzinga unaofika mbinguni na unaotoboa chuma. Vita vya Hispania vimekuonyesha vifaru vya Kisovieti, T-26 na BT. T-26 ina deraya ya milimita 15, na BT si nene zaidi ya hapo kwa kiasi cha kutisha. Bofors ilipenya bamba la milimita 46 hivi kutoka mita 100, na kama milimita 30 kutoka kilomita nzima. Kwa hesabu hiyo, kila kifaru ulichokiona Hispania kimekwisha. Huna fedha ya kununua gari la kuwinda vifaru na gari jingine la kuwinda ndege. Ungefanyaje? Mimi ningetia saini, na ningelala usingizi.

Gari la mfano likanunuliwa, likapelekwa kwa Haditechnikai Intézet, taasisi ya jeshi ya ufundi wa silaha, ambayo kazi yake ilikuwa kujaribu kila kitu kabla hakijaingia jeshini. Mnara wa Kiswidi haukuwafaa, ukabadilishwa wa Kihungaria. Kazi ya kuyaunda ikapewa MÁVAG, kiwanda cha mashine cha shirika la reli, watu waliokuwa wamezoea injini za treni. Oda ya kwanza ilikuwa ya magari 46. Baadaye ikaongezwa ya 89.

Na jina? Wakristo mnaonisikiliza mnamjua Nimrodi, yule mwindaji hodari wa kitabu cha Mwanzo. Wahungaria wanamjua kwa namna yao. Katika historia iliyoandikwa na Simon Kézai karne ya 13, yeye ndiye baba wa Hunor na Magor, ndugu wawili walioandama paa hadi nchi ya mbali, na kwa Magor ndiko Wamagyar, yaani Wahungaria wenyewe, wanakohesabu ukoo wao. Kumpa gari jina la babu mwindaji kulikuwa tamko la matumaini makubwa.

Ngoja nikuingize ndani yake, msikilizaji. Gari lina tani kumi na nusu. Injini ni ya petroli, Büssing-NAG ya silinda nane, nguvu za farasi kama 155, inayolisukuma hadi kilomita 50 kwa saa au kuzidi kidogo barabarani. Wafanyakazi wake ni sita. Dereva yuko chini mbele, watano waliobaki wamebanana mnarani. Mmoja anazungusha gurudumu la mkono na mnara mzima unageuka kushoto au kulia. Mwenzake anazungusha la kwake na mtutu unapanda, hadi karibu kusimama wima, au unashuka hadi chini kidogo ya usawa. Wa kupakia anasimama juu ya kitako cha mzinga na kudumbukiza makombora yaliyofungwa manne manne, mafungu ya uzito wa kilo nane na zaidi, na kabla lile halijaisha lazima la pili liwe mkononi. Mikono ikichelewa, mzinga unanyamaza na ndege imepita.

Gari lilibeba makombora 160. Piga hesabu: mzinga ukifyatua bila kupumzika, hayo ni ya sekunde 80. Dakika moja na ushee, halafu mna gari tupu lenye watu sita ndani. Ndiyo maana wafyatuaji wazoefu walitoa makombora mawili, matatu, wakaangalia yalikokwenda, wakasahihisha. Deraya ilikuwa milimita 13, ya kuzuia risasi za bunduki na vipande vya bomu, basi. Na juu hakuna paa. Kwa mtu anayewinda ndege paa ni kizuizi, kwani anahitaji anga yote. Kwa mtu anayejiandaa kupigana na kifaru, kukosa paa kunamaanisha kwamba guruneti moja, au bomu moja la mota likipasuka juu kwenye miti, linawamaliza wote kwa pamoja.

Nimród za kwanza zilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 1941. Ikumbuke tarehe hiyo. Mwezi Juni mwaka huo, tarehe 22, Ujerumani ilikuwa imeuvamia Umoja wa Kisovieti. Siku nne baadaye ndege zisizojulikana hadi leo zilikuwa za nani zikaupiga mabomu mji wa Kassa, ambao siku hizi ni Košice nchini Slovakia, na kesho yake Hungaria ikaingia vitani upande wa Hitler. Majira hayohayo ya joto Wajerumani wakakutana na kifaru cha Kisovieti, T-34.

Bamba la mbele la T-34 lilikuwa na unene wa milimita 45. Ungeweza kusema linakaribiana na zile 46 za Bofors. Lakini halikusimama wima, lilikuwa limelazwa nyuma kwa nyuzi 60. Kombora linalokuja usawa wa ardhi halikuti milimita 45, linakuta njia ya karibu milimita 90 ya chuma, na mara nyingi linateleza tu na kuruka hewani. Kwa hiyo hesabu sahihi ya mwaka 1938 ilikuwa imekwisha kuharibika kabla Nimród ya kwanza haijatiwa mafuta. Ucheleweshaji wa miaka mitatu, wa kujaribu, kubadilisha mnara na kusubiri kiwanda, ndio ulioua kazi mojawapo kati ya zile mbili. Wajerumani nao walikumbwa na balaa lilelile: mizinga yao ya milimita 37 ilidunda kwenye T-34 kiasi cha askari wao kuibeza. Wao walikuwa na ule wa milimita 88, nao wa kutungulia ndege, uliowaokoa. Wahungaria walikuwa na 40.

Mwaka 1942 Jeshi la Pili la Hungaria, watu kama 200,000, lilipelekwa mto Don, kusini mwa Voronezh. Pamoja na divisheni yake ya kwanza ya vifaru zilikwenda Nimród zisizozidi 20. Kiangazi chote walipigana kuwaondoa Wasovieti waliong'ang'ania kingo za magharibi huko Uryv na Korotoyak. Dhidi ya vifaru vyepesi, na ubavuni, Nimród ilipata chake. T-34 ikitokea uso kwa uso, ilibidi dereva arudi nyuma haraka, na hapo ile kasi ya kilomita 50 ilikuwa deraya bora kuliko deraya yenyewe.

Walitafuta dawa. Lilibuniwa kombora nene la kichwa cha baruti, la aina ile inayotoboa chuma kwa mchirizi wa chuma unaorushwa na mlipuko badala ya mwendo wa kombora lenyewe, lililochomekwa kwa nje kwenye mdomo wa mtutu. Kwenye karatasi lilitosha. Sasa fikiria mtu anayetakiwa kwenda mbele ya mtutu kulichomeka wakati kifaru kinamjia, halafu risasi ni hiyo moja, na umbali wa kulenga ni wa karibu mno. Sishangai kwamba halikuwa silaha ya kutegemewa.

Januari mwaka 1943, kwenye baridi ya nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri, Wasovieti walivunja mstari wa Don. Mafuta yaliganda, injini zilikataa, magari mengi yalilipuliwa na wenyewe ili yasitekwe. Jeshi la Pili liliangamia pale. Na hapa sitazungumzia chuma peke yake. Pamoja na jeshi lile walikuwepo maelfu kwa maelfu ya Wayahudi wa Hungaria waliolazimishwa utumishi wa kazi, wasio na silaha, wengi bila hata nguo za baridi, wakichimba mahandaki na kutegua mabomu ya ardhini kwa mikono chini ya walinzi waliowatesa. Wengi hawakurudi. Anayeisimulia Nimród bila wao anasimulia mashine iliyokwenda Don yenyewe.

Baada ya Don ile kazi ya kuwinda vifaru ilifutwa kimyakimya. Nimród zikagawanywa kwa vikosi vya vifaru na vya wapanda farasi ili zilinde anga lao, na kiwanda kikaendelea kuziunda hadi 1944. Wengi wanaoandika historia za silaha huifunga habari hapa kwa neno la huruma. Mimi naona hapa ndipo gari lilipopata mahali pake.

Adui wa Nimród kwenye anga hakuwa yule unayemwona kwenye filamu. Ndege kubwa za mabomu za Marekani, zilizoanza kuipiga Budapest tarehe 3 Aprili 1944 zikitokea Italia, zilipita juu sana, hizo ziliachiwa mizinga mikubwa. Aliyewasumbua askari barabarani alikuwa Ilyushin Il-2, ndege ya Kisovieti ya kushambulia ardhini, iliyoruka chini karibu kugusa miti, rubani na injini vikiwa vimezungushiwa bamba la deraya. Risasi za milimita 20 mara nyingi ziliikwaruza tu. Kombora la kilo moja la Bofors halikukwaruza. Tena lilikuwa juu ya gari lenye minyororo, linalotembea pamoja na vifaru kwenye tope na kufyatua lilipofika, wakati mizinga mingine ya aina hiyo ilihitaji kufunguliwa kwenye lori, kushushwa na kupangwa. Ndege ya namna ile haikusubiri mtu apange mzinga.

Wajerumani, pamoja na viwanda vyao vyote, walipata kitu cha kufanana na hicho mwaka 1944: kwanza Möbelwagen, sanduku la mabamba juu ya kifaru, halafu Wirbelwind na Ostwind. Ostwind ilibeba mzinga wa milimita 37 kwenye mnara usio na paa, na zilitoka chache, hazikufika hata 50. Yaani Hungaria, iliyokuwa ikidharauliwa na washirika wake wenyewe, ilikuwa na gari la namna hiyo lililokwisha kuzoeleka. Haikuwa busara ya kuona mbali. Walinunua gari la kuwinda vifaru ambalo pia hupiga ndege, kazi ya vifaru ikavunjika mikononi mwao, wakabaki na ya ndege, na hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani.

Magari 135 hayabadilishi vita. Ulipofika mwisho wa 1944, Nimród zilizobaki zilikuwa zikirudi nyuma ndani ya nchi yao wenyewe, na Budapest ikazingirwa kuanzia Krismasi hadi tarehe 13 Februari 1945. Kwenye mitaa ya ghorofa, mzinga unaoweza kunyanyuka karibu wima unafaa kupiga madirisha ya juu, lakini gari lisilo na paa chini ya madirisha hayohayo ni kaburi.

Ufini nayo ilinunua ndugu zake sita moja kwa moja kutoka Landsverk, za mtindo ulioitwa Anti II, na hawakujidanganya hata siku moja kuhusu vifaru. Waliyatumia kutungulia ndege za Kisovieti kiangazi cha 1944, wakayatunza jeshini hadi miaka ya 1960. Nimród moja iliyotekwa ipo kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Kubinka, nje kidogo ya Moscow.

Miaka hii kazi ya kulinda barabara kwa mzinga imefufuka kwa sababu ya droni, ambazo ni bei ndogo mno kuzipiga kwa kombora la bei kubwa. Ukraine imepewa Gepard za Kijerumani, magari yaliyobuniwa wakati wa Vita Baridi, na yamekuwa lulu. Hungaria nayo, Desemba mwaka 2023, iliingia mkataba na kampuni ya Rheinmetall ya kusanifu mnara wa Skyranger wa milimita 30 juu ya gari la minyororo la Lynx, gari la Kijerumani ambalo kiwanda chake kimejengwa Zalaegerszeg, magharibi mwa nchi hiyo. Michoro ya mgeni, mafundi wa nyumbani, mtutu unaotazama juu. Safari hii hakuna anayeutazamia pia uwinde vifaru.